Ndege anavuka ziwa kwa mabawa, kuku anavuka kwa pirogi

Mazungumzo ya timu ya vijijini mbele ya mkutano mkuu wa wanachama



Komite ilituomba tuseme juu ya homa ya ndege, ile ambayo redio inaita gripe ya ndege. Tunajua kuna watu hapa wanaojiuliza moyoni: tumerudi nyumbani, nyumba haina bati, shamba limekuwa pori, na hawa vijana wa shirika wanatuletea hotuba ya kuku? Ndiyo, tunaleta hotuba ya kuku. Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji tunaona jambo moja kila mara: familia ikirudi kutoka kambini, ng'ombe ni ndoto, mbuzi bado, lakini kuku mmoja iko. Huyo kuku njo banki ya mama. Mtoto akigonjwa usiku, asubuhi kuku anauzwa. Minervali ikidaiwa, kuku anauzwa. Na mzunguko wetu, ule ambapo mtu anapokea mitetea, inatotoa, naye anampa jirani aliyerudi nyuma yake, ndiyo kazi inayojulisha chama hiki kwa watu. Kwa hiyo ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache ni habari ya muso yetu wenyewe.

Tena haukukaa mbali. Mwaka 2017 ulifika hapa Ituri. Bata na kuku walikufa katika vijiji vya kando ya Ziwa Albert, teritware ya Djugu, kijiji cha Joo kikiwemo. Wengi wameusahau, na sababu inaeleweka. Mwisho wa mwaka huohuo vita ilirudi Djugu, na mwanzoni mwa 2018 maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Uganda. Nani angekaa kuhesabu bata waliokufa? Lakini ziwa ni lilelile, na sisi tumerudi kandokando yake.

Tuanze na kirusi chenyewe, maana watu wanatuuliza: kimetoka wapi, mbona wazee wetu hawakukijua?

Virusi vya mafua vimekaa na bata wa porini na ndege wa maji tangu zamani sana. Huko kwao vingi ni vipole. Bata anakibeba tumboni, anakula, anaruka, anaacha kirusi majini na kinyesi chake, bata mwingine anakunywa. Hakuna anayekufa. Kila kirusi kinaitwa kwa herufi mbili, H na N. Hivyo ni vitu viwili vilivyo juu ya ngozi yake: H ni ya kushikia na kuingilia, N ni ya kujikatia njia ya kutoka. Kwa ndege zinajulikana tangu zamani aina 16 za H na aina 9 za N. Ndiyo sababu mnasikia H5N1, H5N8. Ni kama namba ya plake ya moto.

Shida inaanza kirusi kipole cha H5 au H7 kinapoingia kwenye banda la kuku wengi. Ili kirusi kiingie mwilini, ile H lazima ikatwe kwanza, kama kufuli inayongoja ufunguo. Kirusi kipole, ufunguo wake unapatikana tumboni na kwenye njia ya pumzi tu, basi kinabaki huko. Lakini ndani ya kuku kinajinakili mara nyingi sana, na kinanakili vibaya, kama mwanafunzi anayekopi ubaoni bila kusoma tena alichoandika. Siku moja kosa linaangukia palepale kwenye kufuli, na kuanzia hapo kufuli inafunguka kwa ufunguo ulio katika kila kiungo: moyo, ubongo, mapafu, ini. Kuku huyo hatamaliza siku nyingi. Porini, kirusi kinachoua haraka hivyo kinajifungia njia, maana mwenye kukibeba anakufa kabla ya kukutana na wenzake. Katika banda lenye kuku elfu moja wanaokanyagana, kuua hakukipunguzii kitu. Kuku wa pili yuko pale, kwenye kinyesi hichohicho. Sisi tunasema wazi: kirusi kikali hiki kimelelewa na ufugaji wa kubana kuku pamoja. Ndege wa porini walikipokea kutoka kwetu, ndipo wakaanza kuturudishia.

Halafu kina ujanja wa pili. Mwili wake ndani una vipande 8 vilivyoachana. Bata mmoja akishikwa na virusi viwili kwa mara moja, vipande vinachanganyika, na kinatoka kirusi cha tatu. Mafundi wa moto pale Bunia tunawaona kila siku: wanachukua moto mbili zilizokufa, injini ya hii, fremu ya ile, na jioni moto mpya inatembea barabarani. Ndiyo maana namba inabadilika, N1 leo, N8 kesho, lakini ile H5 kali imebaki ukoo mmoja.

Ukoo huo unajulikana ulikoonekana mara ya kwanza. Ni mwaka 1996, jimbo la Guangdong huko China, ndani ya bata bukini wa kufugwa. Mwaka uliofuata ulitokea Hong Kong, kwenye masoko ya kuku hai. Watu 18 waliugua, 6 wakafa, na serikali ikaamuru kuku wote wauawe, zaidi ya milioni moja. Watu walidhani umekwisha. Haukuisha, uliendelea chinichini katika masoko na mashamba ya bata ya Asia. Mwaka 2005 ndege wa porini kwa maelfu walikufa kwenye Ziwa Qinghai, China, na kutoka hapo ukashika njia ya magharibi. Februari 2006 ulipatikana Nigeria, ndiyo mara ya kwanza katika Afrika. Mara hiyohiyo ukawa Misri, na Misri haukutoka tena. Kule akina mama wengi wanafuga kuku na bata juu ya paa la nyumba, mlemle wanamoishi na watoto. Watu zaidi ya 350 waliambukizwa na karibu 120 walikufa, wanawake na watoto wengi kati yao. Shikeni habari hiyo ya Misri, tutarudi kwake.

Huku kwetu njia ilikuwa hivi. Katikati ya 2016, kirusi cha H5N8 kilipatikana kwa ndege wa porini kwenye Ziwa Uvs, mpakani mwa Urusi na Mongolia. Ndege wakahama kukimbia baridi, kama wanavyofanya kila mwaka, wengine Ulaya, wengine kusini. Januari 2017, kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, watu wa Uganda wakakuta ndege wadogo weupe wa majini wamekufa wengi, wale wanaozaa huko Ulaya na Asia na kuja kwetu wakati kwao kuna theluji. Upande wa Masaka ukawa umeingia kwa bata na kuku wa nyumbani. Kenya na Rwanda zikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Na miezi michache baadaye, Ituri. Watalaamu walipokisoma kirusi cha Ituri, walikikuta ni ndugu wa karibu wa kile cha Uganda.

Ndipo watu wanapenda kusema: basi, ndege wa porini ndio wabaya, tuwapige risasi, tukate miti wanayolala. Hapana. Ukiwatawanya unawatuma kijiji kingine pamoja na ugonjwa wao. Tena fikirini pamoja nasi. Ndege anatoka Urusi hadi Ziwa Victoria kwa mabawa, sawa. Lakini kutoka ukingo hadi kijiji, kutoka kijiji hadi soko, kutoka soko hadi chini ya kitanda cha mama, nani anambeba? Ni pirogi. Ni moto yenye kuku ishirini wamefungwa miguu, vichwa chini. Ni tenga lililotumika jana kwa kuku wa mtu mwingine na halikuoshwa. Ni viatu vyetu sisi wenyewe wa mashirika, tunaotembelea mabanda sita kwa siku moja. Ndege anafungua mlango, sisi njo tunabeba mizigo kuingiza ndani.

Na sisi warudi, kuliko watu wengine, tunasafiri na kuku. Mama aliyekaa kambini Uganda miaka mitatu, akifuga kidogokidogo, siku ya kurudi hawezi kuacha mitetea yake minne. Tulimwuliza mmoja, akatujibu: «Bitu byote tuliacha hapa mara ya kwanza, sitaacha tena mara ya pili.» Nani atamlaumu? Anafika ukingoni, anaambiwa kuku hawapiti bila karatasi, na karatasi ina bei. Basi kuku wanaingia kwenye mfuko wa nguo na kupita usiku. Kuku aliyefichwa hakuna mtu anayemchungulia kama ni mgonjwa.

Kisha kuku huyo anaingia kwenye mzunguko wetu. Hapa tunaomba msikilize vizuri. Mzunguko ni kitu kizuri, tumeujenga wote. Lakini ukiutazama kwa macho ya kirusi, ni barabara ya lami. Kuku kutoka nyumba tano za asili tofauti wanakutanishwa siku moja uwanjani, mbele ya kanisa au shule, wanapigwa picha na wageni, wanagawanywa, na jioni wako katika vijiji vinne. Kwa siku moja tumefanya kile ambacho ndege wa porini angekifanya kwa msimu mzima.

Dalili zake? Kuku anakufa ghafla, wakati mwingine bila kuonyesha kitu. Wengine kichwa kinavimba, kile kilemba chekundu kinageuka buluu-nyeusi, miguu inakuwa na madoa ya damu, wanaharisha, wanapumua kwa shida, mayai yanakatika. Lakini mdondo nao, ule unaoitwa Newcastle, unafanya karibu vilevile, na mdondo ndio tunaoujua zaidi, unapita karibu kila mwaka. Kwa macho tu hakuna mtu anayeweza kuwatenganisha, hata muganga wa mifugo mwenye diploma. Ni laboratware inayokata neno. Chanjo ya mdondo, ile ya tone moja machoni, tuendelee kuitoa. Haizuii homa ya ndege hata kidogo, ila ina faida hii: kijiji kilichochanjwa vizuri, kuku wakianza kufa wengi kwa pamoja, tunajua haraka kwamba hii pengine si mdondo.

Bata ni jambo lake. Bata wengi wanabeba kirusi bila kuonyesha lolote. Anashinda ziwani na ndege wa porini, jioni anarudi kulala na kuku. Ukiwa na vyote viwili, watenge, kila mmoja na maji yake na mahali pake pa kulala. Tunajua si kila boma lina nafasi. Aliye karibu kabisa na maji, na ana nafasi ya kufuga aina moja tu, tunamshauri achague moja.

Watu je, wanashikwa? Tangu 2003 hadi sasa, dunia nzima, Shirika la Afya Duniani limehesabu watu zaidi ya 900 walioambukizwa H5N1, na karibu nusu yao wamekufa. Kwa dunia nzima na miaka yote hiyo, 900 ni wachache. Karibu wote waligusana na ndege wagonjwa au waliokufa: kuchinja, kunyonyoa, kutoa matumbo, watoto kuchezea. Kutoka mtu kwa mtu hakijazoea kupita. Ile H5N8 iliyofika kwetu ilikuwa laini zaidi kwa watu. Urusi ilitangaza mwaka 2021 wafanyakazi 7 wa shamba la kuku walioipata, hawakuugua sana. Nyama iliyoiva kabisa na yai lililoiva haviambukizi. Hatari iko mikononi kabla ya chungu. Mwenye kunyonyoa kuku aliyejifia ndiye tunamwogopea, na hapa kwetu huyo ni mama au binti wa miaka kumi na miwili.

Tusifikiri pia kwamba habari imelala tangu 2017. Kuanzia 2020 ukoo ule umerudi na namba ya H5N1, mkali kuliko mwanzo kwa ndege wa porini. Mwisho wa 2021 ulivuka bahari ya Atlantiki hadi Kanada. Mwaka 2022 ukashuka Amerika ya Kusini, na Peru uliua ndege wa baharini wasiohesabika pamoja na simba wa baharini kwa maelfu. Februari 2024 ulithibitishwa kwenye bara la barafu lenyewe, kule mwisho wa dunia. Machi 2024 Marekani wakaukuta ndani ya ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo watu wengi waliosoma hawakulitegemea. Kila aina mpya ya mnyama ni darasa jipya kwa kirusi. Wafadhili wetu wengine wanatoka nchi hizo na wanajua mayai yalipanda bei kiasi gani. Huko, mfugaji akiua kuku wake kwa amri ya serikali, analipwa.

Sasa turudi Misri kama tulivyosema. Serikali iliua mamilioni ya kuku. Watu waliona jirani amesema ukweli, akapoteza kila kitu, malipo hayakumfikia au hayakutosha. Somo walilojifunza ni kunyamaza. Kuku akionyesha ugonjwa, anachinjwa haraka aliwe, au anapelekwa sokoni asubuhi kabla hajafa. Ndivyo ugonjwa ulivyozaa mizizi.

Na sisi? Tuseme kweli, tuko kati yetu. Kuku watatu wakifa kwa mama usiku, na wanne wamebaki wanasinzia, atafanya nini? Atawauza asubuhi soko la kwanza. Hata sisi tungefanya hivyo. Kumwambia «usifanye» bila kumpa kitu mkononi ni maneno ya mtu aliyeshiba. Kwa hiyo kabla ya sabuni, kabla ya dawa ya kunyunyiza, kabla ya mafunzo yenye soda na keki, tunaomba mkutano huu ukubali jambo moja: sehemu ya kisanduku cha muso itengwe kwa ajili ya kulipa kuku aliyetangazwa. Mwanachama akisema siku ileile kwamba kuku wake wanakufa, asiuze, asile, akawaacha wazikwe, basi kisanduku kinamrudishia. Si bei yote ya soko, kisanduku hakina nguvu hiyo. Lakini iwe ya kutosha ili ukweli usimgharimu zaidi kuliko uongo. Anayeficha, halafu ikajulikana, asilipwe. Kiasi chake mtakipanga nyinyi, sisi hatuna sauti juu ya pesa yenu.

Kwa wafadhili tunasema hivi kwa heshima. Tunapenda mnavyotuletea kuku. Lakini katika makaratasi yenu kuna mstari wa kununua vifaranga, mstari wa usafiri, mstari wa kibango chenye jina la mradi. Hakuna mstari wa kuku atakayekufa. Ongezeni huo. Na picha ya kugawa kuku mia mahali pamoja, tuisamehe. Pigeni picha kwenye boma la mtu mmoja, inatosha.

Tunapendekeza pia mgao ujao ufanyike kwa namna nyingine. Kuku watoke sehemu moja, kwa mfugaji anayejulikana, si sokoni na si ng'ambo. Wakae kwanza siku 14 kwenye banda la pekee, mbali na kuku wengine, na mtu mmoja tu wa kuwalisha. Tenga lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kati ya safari na safari. Yule mama anayevuka na mitetea yake, tusimnyang'anye: tumpokee mchana, tumpe kona ya kuwatenga siku hizo 14 karibu na nyumba yake, na wasiingie mzunguko kabla. Akijua kwamba chama hakitamchukulia kuku, hatakuwa na sababu ya kuvuka usiku.

Wakifa wengi kwa pamoja, tatu, nne kwa siku mbili, kwanza kimya cha mikono: msiguse bila kufunika mkono kwa mfuko wa plastiki, msiwape mbwa wala paka, msiwatupe ziwani. Shimo refu, chokaa au majivu juu, udongo wa kutosha ili mbwa wasifukue. Watoto wakae mbali. Mtume neno kwa mwangalizi wa kijiji, naye atafikisha kwa muganga wa mifugo wa teritware, maana serikali ndiyo yenye haki ya kuchukua sampo na kutangaza jina la ugonjwa. Sisi hatutangazi. Na mtu aliyegusa kuku hao akipata homa na kukohoa ndani ya siku kumi, aende senta de sante na aseme waziwazi kwamba kuku wamekufa kwake. Asiposema, mganga atampa dawa ya malaria, kwa sababu kila homa kwetu inaitwa malaria.

Mwangalizi tunamtaka mmoja kila kijiji, na tungefurahi awe mama, kwa kuwa mama ndiye anayehesabu kuku jioni. Daftari na kalamu shirika litatoa. Simu za kumpa hatuna, lakini unite za kupiga tumeziweka kwenye bajeti. Majina yafike kwa katibu kabla ya kuku wa mgao kuingia bandani, na hoja ya kisanduku mwenyekiti ataifungua sasa hivi, mama anayekaa pale nyuma ameomba neno la kwanza.